Kadeti wa urubani: mwongozo kamili kwa anayekitafuta kiti cha kulia

Katika chumba cha marubani, kiti cha kushoto ni cha kapteni na cha kulia ni cha rubani msaidizi. Kadeti ni mtu anayeandaliwa kukalia hicho cha kulia akiwa hajawahi kufanya kazi nyingine yoyote ya urubani. Mwenzake wa njia ya kawaida hujikusanyia saa kidogo kidogo: anafundisha wanafunzi, anasafirisha mizigo, anapiga picha za ardhi kutoka angani, mpaka siku moja shirika la ndege linamwita. Kadeti huchukuliwa angali mbichi, akafinyangwa kwa taratibu za shirika tangu siku ya kwanza, na anaweza kujikuta amebeba abiria 180 huku daftari lake la saa za kuruka likiwa na saa 200 na kidogo.

Ni njia fupi, na mimi niliipita. Nimeona pia watu hodari kuliko mimi wakikwama humo. Wengi wao hawakushindwa kurusha ndege. Walikwama kwa jambo ambalo lingeweza kujulikana mapema, ila walilijua wakiwa wameshalipa. Kwa hiyo hatua hizi nimezipanga kwa kanuni moja: kila kinachoweza kukukatisha safari ukitafute kabla pesa kubwa haijatoka. Ndiyo maana natanguliza daktari, kisha mwanasheria, na ndege inakuja baadaye sana.

HATUA YA 1: DAKTARI KWANZA

Huwezi kuajiriwa kurusha ndege ya abiria bila cheti cha afya cha daraja la kwanza. Hakitolewi na daktari yeyote tu, bali na yule aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi itakayokupa leseni. Wapo waliolipa ada ya muhula mzima, wakaanza kuruka kwa cheti cha daraja la chini kinachotosha rubani binafsi, halafu wakagundua kwamba cha daraja la kwanza hawatakipata. Kipimo hiki ni gharama ndogo kuliko zote utakazokutana nazo, na ndicho chenye uwezo wa kufunga mlango moja kwa moja. Kifanye kabla hujajaza fomu yoyote ya chuo.

Watakupima macho, masikio, moyo kwa mashine inayochora mapigo yake, mapafu, damu na mkojo, na watakuuliza kwa kina habari za magonjwa ya nyuma, ya mwili na ya akili. Kuhusu macho, uvumi umewazuia watu wengi bure. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinataka kila jicho lione 6/9, yaani lisome kutoka mita 6 kile ambacho jicho la kawaida husoma kutoka mita 9, na macho yote mawili kwa pamoja 6/6, yaani uoni wa kawaida, na miwani inaruhusiwa mradi ikufikishe hapo. Kuna marubani tele wanaovaa miwani. Sharti lao ni kubeba jozi ya akiba kila safari. Rangi ndiyo yenye ugumu zaidi. Ukishindwa kuzisoma sahani za Ishihara, zile zenye namba zilizofichwa ndani ya vidoti, omba vipimo vya ziada kabla ya kukata tamaa, kwa sababu sahani hizo ni za kuchuja tu na si hukumu ya mwisho.

Usifiche ugonjwa. Najua kishawishi chake. Cheti kilichopatikana kwa uongo kinaweza kufutwa wakati wowote, na pamoja nacho ajira na bima yako. Liko pia jambo zito zaidi. Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa shirika la ndege la Germanwings aliyekuwa amemficha mwajiri hali ya afya yake ya akili aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps, watu 150 wakafa. Tangu hapo nchi nyingi zimeanzisha huduma za marubani kusaidiana, ambako unaweza kumweleza mwenzako shida yako kwa siri kabla haijawa kubwa. Mtu anayepitia msongo au huzuni nzito na akasema mapema, mara nyingi hutibiwa na kurudi kazini.

Cheti chenyewe, ukiwa chini ya miaka 40, hudumu miezi 12, kisha unapimwa upya. Maana yake kila mwaka, maisha yako yote ya kazi, kuna siku moja ambayo mtu mwingine anaweza kukusimamisha. Utakapoanza kukopa, uliza habari za bima ya kupoteza leseni.

HATUA YA 2: TAMBUA UNAUZIWA NINI

Neno “kadeti” halina mlinzi. Chuo chochote kinaweza kulibandika juu ya tangazo lake, na chini yake kukawa na mambo matatu yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni mpango ambao shirika la ndege lenyewe linakulipia mafunzo, yote au sehemu kubwa, nawe unalitumikia kwa miaka kadhaa. Nafasi ni chache na waombaji ni maelfu. La pili ni mpango ambao shirika linakuchagua, linakupa barua yenye jina lake, lakini ada unalipa wewe, mara nyingi kwa mkopo. La tatu ni chuo kinachosema kina “ushirikiano” na shirika fulani. Hapo usiulize maswali marefu. Uliza hili tu: nikihitimu, shirika lina wajibu gani kwangu kwa maandishi? Ukijibiwa kwa hadithi za wahitimu waliofanikiwa, jibu umeshalipata.

Barua zenyewe zisome neno kwa neno. Kuna ajira, kuna ahadi ya ajira yenye masharti, na kuna nafasi ya kufanyiwa usaili. Tangazo huzichanganya, mkataba huzitenganisha. Ahadi yenye masharti kwa kawaida hubeba kifungu kinachosema “kulingana na mahitaji ya shirika wakati huo”, na kifungu hicho ndicho kilichotumika mwaka 2001 baada ya Septemba 11, kikatumika tena katika mtikisiko wa uchumi wa 2008, na kikatumika kuliko wakati wowote mwaka 2020 ndege zilipolala chini dunia nzima. Makadeti waliokuwa katikati ya masomo waliambiwa nafasi hazipo tena. Mikopo ilibaki palepale.

Angalia pia aina ya leseni. Mipango mingine hutoa leseni ya rubani wa biashara pamoja na kibali cha kurusha kwa vyombo (kuruka ukitegemea vyombo tu, bila kuona nje), ambayo unaweza kuipeleka kwa mwajiri yeyote. Mingine hutoa leseni ya wafanyakazi wengi, MPL, iliyoingizwa katika kanuni za ICAO mwaka 2006. Hiyo inakuandaa moja kwa moja kwa ndege yenye marubani wawili: mafunzo ya angalau saa 240, sehemu kubwa yake kwenye simuleta, mashine inayoigiza ndege. Kwa upande wa mafunzo ni njia nzuri sana, na nimeruka na waliopita humo. Tatizo lake ni kwamba imejengwa ndani ya taratibu za shirika moja. Shirika hilo likianguka kabla hujamaliza, umebaki na nusu ya kitu ambacho mwajiri mwingine hajui akitumieje, wala haikuruhusu kurusha ndege ndogo peke yako ili ujitafutie riziki. Ukipewa MPL, uliza kwanza iwapo kuna njia iliyoandikwa ya kukuvusha kwenda leseni ya biashara, na nani atailipia.

HATUA YA 3: PESA NA MKATABA

Hapa nitakaa kwa muda, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Bei ya tangazo hujengwa juu ya mwanafunzi asiyefeli mtihani, asiyeugua na asiyekutana na mvua. Saa zilizoandikwa ni kiwango cha chini cha sheria. Ukihitaji zaidi, na wengi huhitaji, kila saa ya ziada unailipia: ndege, mwalimu, mafuta, ada za kutua. Mimi niliongezewa saa sita kabla ya mtihani wa kurusha kwa vyombo, kwa sababu ndege ya injini mbili ilikaa karakana majuma matatu na nilipoirudia mkono ulikuwa umepoa. Kosa la nani? Haikujalisha, bili ilikuja kwangu. Tafuta kwenye mkataba ni nani anayebeba gharama pale ucheleweshaji unapotoka kwa chuo, na kama halipo neno juu ya hilo, jua ni wewe.

Kisha orodhesha yasiyomo kwenye bei: ada za mitihani ya mamlaka, mitihani ya marudio, vipimo vya afya, spika za masikioni, nauli, malazi na chakula kwa miezi 18 mpaka miaka miwili, viza kama unasoma ugenini, na kubadilisha leseni ukirudi nchini kwako. Kubwa kuliko yote ni mafunzo ya aina ya ndege. Leseni ya biashara haikuruhusu kugusa Airbus A320 wala Boeing 737. Kila aina ina mafunzo yake na gharama yake. Mipango mingine huyaweka ndani ya bei, mingine hukuambia ukishafika mwisho.

Usilipe yote kwa mkupuo. Hata punguzo likiwa tamu kiasi gani, usilipe. Vyuo vya urubani hufilisika. Marekani, Silver State Helicopters ilifunga milango ghafla Februari 2008 na kuacha wanafunzi wengi na mikopo ya mafunzo waliyokuwa hawajayapata. Lipa kwa awamu ndogo zinazofuata hatua ulizokwishamaliza, au pesa zikae kwenye akaunti ya mtu wa tatu anayeziachia kidogo kidogo. Chuo kikikataa njia zote mbili, tafuta kingine.

Mkataba wenyewe mpelekee mwanasheria wako, si yule uliyeelekezwa na chuo. Mambo ambayo ningetaka aniangalizie ni haya:

– Bondi, yaani deni la utumishi. Ni miaka mingapi, inaanza kuhesabiwa lini, na je, inapungua kila mwezi unaofanya kazi, au inabaki nzima mpaka siku ya mwisho? Bondi isiyopungua ni mnyororo.

– Shirika likinifukuza, likinipunguza kazi au likifilisika, bado nadaiwa? Mikataba mingine hukudai hata hapo.

– Nikipoteza cheti cha afya bila kosa langu.

– Nikifeli. Nina nafasi ngapi za kurudia, nani anaamua niondolewe, na ninarudishiwa nini?

– Mdhamini ni nani na anaweka nini rehani. Kama ni nyumba ya wazazi, wazazi nao wakae mezani wasikie kila kifungu kikisomwa. Nimemwona mwenzangu akimficha baba yake maana ya karatasi aliyokuwa anaitia saini. Miaka miwili baadaye nafasi ilifutwa, na baba akajua kwa barua ya benki.

– Mshahara wa rubani msaidizi mpya ni kiasi gani, na je, ni wa mwezi au wa saa? Ukilipwa kwa saa, msimu wa ndege chache ni msimu wa njaa, lakini rejesho la mkopo halina msimu.

Ukishapata majibu, fanya hesabu tatu: moja ikichukulia mambo yamekwenda sawa, moja ikichukulia umechelewa mwaka mzima kupata kazi, na ya tatu ikichukulia hukuipata kabisa. Hesabu ya tatu ikimaanisha familia kupoteza makazi, ushauri wangu ni usitie saini. Nenda kwa njia ya kawaida, leseni moja baada ya nyingine, ukilipa kadiri unavyopata. Ni ndefu zaidi, ila unaweza kusimama katikati na bado ukawa na kwako pa kurudi.

Na kama mtu atakupa nafasi ya kulipa ili urushe ndege yenye abiria wanaolipa nauli, wewe ukiwa ndiye rubani msaidizi, kataa. Kazi hiyo ina mshahara duniani kote.

HATUA YA 4: MCHUJO

Mashirika mengi hayahitaji shahada. Yanataka elimu ya sekondari yenye hesabu na fizikia, na Kiingereza cha kufanyia kazi. Tangu Machi 2008, rubani wa safari za kimataifa anatakiwa awe angalau daraja la 4 kati ya madaraja 6 ya ICAO. La 4 hurudiwa kupimwa kila miaka mitatu, la 6 halirudiwi. Kinachopimwa ni kuelewa na kueleweka redioni siku mambo yanapoharibika, pale maneno ya kukariri yanapoishia. Lafudhi yako haina ubaya.

Siku ya mchujo utakaa mbele ya kompyuta: hesabu za kichwa, kutambua mkao wa ndege kutokana na picha za vyombo, kukumbuka namba huku ukifuatilia kitu kingine kwa mkono. Hesabu hufanyiwa mazoezi, na zoezi zuri ni la kazi yenyewe. Ndege inayokwenda maili 420 za baharini kwa saa inapita maili 7 kila dakika. Kushuka kwa mteremko wa kawaida kunakula takriban maili 3 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo ukiwa futi 36,000 anza kufikiria kushuka kama maili 108 kabla ya uwanja, na uongeze kidogo za kupunguza mwendo. Jipigie hesabu za namna hii ukitembea, ukioga, ukisubiri foleni. Nusu saa kila siku kwa miezi miwili inabadilisha kichwa.

Zoezi la kundi ndilo linaloangusha wengi wenye alama nzuri. Mnapewa tatizo, watu sita, dakika ishirini, na waangalizi wamekaa pembeni na kalamu. Wengi hudhani anatafutwa kiongozi, wanaanza kupaza sauti. Waangalizi wana sababu nyingine ya kukaa pale. Machi 27, 1977, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia ndege huko Tenerife, watu 583 wakafa. Kapteni mmoja, mkubwa na mwenye heshima katika shirika lake, alianza kuruka bila kibali. Mhandisi wa ndege nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani, akajibiwa kwa mkato kwamba ndiyo, na safari ya kuongeza mwendo ikaendelea. Mafunzo ya ushirikiano wa chumba cha marubani tunayopitia leo yalizaliwa na ajali za namna hiyo. Kwa hiyo mwangalizi anamtafuta mtu atakayesema “nadhani tumekosea” kwa sauti tulivu mbele ya mkubwa wake, na ambaye akiambiwa yeye amekosea anageuka bila kununa. Kwetu tuliolelewa kwamba mkubwa hasahihishwi, hili linahitaji kujifunza. Unaweza kumpa mtu heshima yake yote na bado ukamwambia ndege imepita kimo kilichopangwa.

Kwenye usaili eleza kushindwa kwako mara moja kwa ukweli, ukitaja ulichofanya baadaye. Na ulijue shirika: ndege zake, vituo vyake, njia zake.

HATUA YA 5: DARASANI

Kwa mfumo wa Ulaya kuna karatasi 13 za nadharia: sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa njia, injini na mifumo, vyombo, uzito na mizani, mwili na akili ya mwanadamu, na nyinginezo. Alama ya kupita ni asilimia 75 kila karatasi, na una miezi 18 tangu mtihani wa kwanza kuzimaliza zote. Wingi wake unashinda ugumu wake. Ni kama kunywa kutoka kwenye bomba lisilofungwa.

Kila mwanafunzi hutumia benki za maswali, nami nilizitumia. Zina faida ya kukupa mwendo, ila aliyekariri majibu bila kuelewa atakamatwa na mtu mmoja miaka miwili baadaye: kapteni wa usaili atakayemuuliza kwa nini bawa hukosa nguvu ya kuinua ndege, na asitake herufi A, B, C wala D. Soma kwanza, maswali baadaye.

HATUA YA 6: ANGANI

Mwanzo ni mtamu. Unaruka peke yako mara ya kwanza baada ya saa chache za mafunzo, kiti cha mwalimu kikiwa kitupu, na ndege inapanda upesi kuliko ulivyozoea kwa sababu imepungukiwa uzito wa mtu. Sijasahau siku ile.

Kisha huja kipindi ambacho hakuna anayekuambia kabla: unatua vizuri Jumatatu, Jumanne unatua kama hujawahi kuona ndege. Ni kawaida. Ubongo unapanga upya. Kinachosaidia ni kurudia taratibu ukiwa umekaa kwenye kiti cha kawaida, picha ya vyombo imebandikwa ukutani, mikono ikigusa kila swichi na mdomo ukitaja kila neno, mpaka mwili uzijue bila kuuliza. Haina gharama, nayo imeokoa saa nyingi za kulipia.

Kurusha kwa vyombo ndiko kunakotenganisha. Ndani ya wingu, kimiminika cha sikio la ndani kinakudanganya kwamba umenyooka wakati ndege imelala upande. Unajifunza kuviamini vyombo na kuupinga mwili wako mwenyewe, huku ukisikiliza redio, ukihesabu dakika na kumfanya mwongoza ndege usiyemwona aelewe unachotaka. Baada ya hapo huja ndege ya injini mbili, na mwalimu anazima moja kila unapoanza kustarehe.

Weka kumbukumbu safi. Mtihani uliofeli huandikwa, na mwajiri huuliza. Mmoja si mwisho wa dunia, mradi usiufiche.

HATUA YA 7: PENGO

Leseni mkononi, sare imeshonwa, na simu hailii. Pengo hili linaweza kuwa majuma au miaka, na mpango wako lazima ulitaje kwa jina.

Kwanza jua sheria ya huko unakolenga. Marekani, baada ya ajali ya Colgan Air 3407 Februari 2009 iliyoua watu 50, Bunge lilibadilisha sheria, na tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria anahitaji kwa kawaida saa 1,500, zikipungua hadi 1,000 kwa aliyesoma shahada ya miaka minne ya urubani inayotambuliwa. Kwa hiyo kadeti wa huko hutumia mwaka mmoja au miwili akifundisha wengine kwanza. Ulaya na sehemu nyingine nyingi, saa 200 zenye mafunzo sahihi zinaweza kukuingiza kiti cha kulia.

Pili, leseni huchacha. Katika nchi nyingi kibali cha kurusha kwa vyombo kinataka mtihani kila mwaka, na mikono isiyotumika hupoteza makali ndani ya miezi. Tenga pesa ya kukihuisha mara mbili kabla hujamaliza chuo. Ukiweza, chukua kibali cha ualimu. Kufundisha kunakulipa kidogo, kunakuongezea saa, na kunakuonyesha makosa yako ndani ya mikono ya mtu mwingine. Na uwe na kazi au fani nyingine. Si ishara ya kutokuwa na imani. Mwaka 2020, waliokuwa nayo ndio waliosubiri bila kupoteza nyumba.

HATUA YA 8: NDEGE KUBWA

Mafunzo ya aina ya ndege huchukua takriban miezi miwili: mifumo darasani, kisha simuleta, mara nyingi saa nane usiku kwa sababu mashine hizo hazilali. Zoezi utakalorudia mpaka uliote ni injini kufa mara tu baada ya mwendo wa uamuzi, pale ambapo kusimama hakuwezekani tena na lazima upande na iliyobaki. Utafundishwa pia kuiokoa ndege iliyopoteza mkao. Lichukue somo hilo kwa uzito wote. Juni 1, 2009, Air France 447 ilipoteza vipimo vya mwendo juu ya Atlantiki kwa barafu, otopailoti (mtambo unaoirusha ndege wenyewe) ikajiondoa, na pua ikavutwa juu mpaka mabawa yakakosa nguvu. Watu 228 walikufa ndani ya ndege iliyokuwa na injini nzima. Kadeti mwenye saa chache asiache mkono wake ukategemea otopailoti peke yake. Kapteni akikuruhusu kurusha kwa mkono siku ya anga safi, kubali.

Halafu unatua ndege halisi tupu, kwa kawaida mara sita, na baada ya hapo abiria wanapanda nyuma yako. Safari za kwanza unaruka na kapteni mkufunzi, na mwanzoni rubani wa tatu hukaa nyuma kama ulinzi. Ndege itakuwa maili kumi mbele ya akili yako. Utajibu redio ya mnara wa kuongozea ndege wakati mkono unatafuta swichi, na utasahau vyote viwili. Nilidhani nimekosea kazi. Kapteni mkufunzi aliniambia kila safari nitoke na jambo moja la kurekebisha, moja tu, na niyaache mengine hotelini. Baada ya safari kama arobaini, siku moja niligundua nilikuwa nimetazama nje ya dirisha.

HATUA YA 9: KAZI YENYEWE

Kila miezi sita unarudi simuleta kupimwa, mpaka ustaafu. Ulaya ukomo ni saa 100 za kuruka ndani ya siku 28 na saa 900 kwa mwaka. Zinasikika chache mpaka uhesabu na saa za kuripoti, kusubiri na kulala ugenini. Kuamka saa tisa usiku siku nne mfululizo kunauchosha mwili namna ambayo kahawa haiponyi. Linda usingizi kama unavyolinda leseni, na ukiwa umechoka kupita kiasi, ripoti. Sikukuu na harusi utazikosa. Waambie wa nyumbani kabla, siyo asubuhi ya siku yenyewe.

Kupanda kiti cha kushoto kunahitaji leseni ya juu, inayotaka saa 1,500, lakini mashirika mengi huongeza masharti yao na foleni ya ukongwe. Katika safari za kimataifa, kwa ndege zenye marubani wawili, mwisho ni miaka 65. Mtu anayeanza na miaka 22 ana muda wa kutosha, anayeanza na 40 apige hesabu ya mkopo kwa miaka iliyobaki.

Daftari lako la saa lijaze siku hiyohiyo, kwa kalamu au kwa programu, na kila mwezi toa nakala uiweke mahali pengine. Siku ya kuombea ukapteni watakuuliza safari ya miaka minane iliyopita, na rubani aliyepoteza daftari huanza kuwatafuta waajiri wa zamani, wengine wakiwa wameshafunga.